Kadi Imepinda, Boksi Limefumbuka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Gundi

Fundi wa kadi na vifungashio akipata tatizo, wa kwanza kulaumiwa ni gundi. Anakwenda steshenari, ananunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na wiki inayofuata boksi linafumbuka tena. Kwa hapa Dodoma, sehemu kubwa ya makosa yanayoonekana kuwa ya gundi yanatokana na mambo mawili: nyuzi za karatasi zimelala upande gani, na karatasi ina unyevu kiasi gani siku unapoifanyia kazi.

Maelekezo mengi ya kwenye video yametolewa na watu wanaofanya kazi kwenye hewa nzito, wakiwemo wenzetu wa Dar es Salaam. Wanakwambia upake gundi, usubiri ishike kidogo, ndipo ubandike. Fanya hivyo hapa mtaani Nkuhungu saa nane mchana mwezi wa tisa uone: gundi itakuwa imeshaota ngozi kavu juu, na karatasi unayoibandika haigusi kitu chenye unyevu. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Karatasi yako inalijua hilo hata kama wewe umeshazoea.

Mkunjo unapasuka na weupe unaonekana

Hili ndilo lalamiko namba moja kwenye kadi za send-off na za mahafali. Kadi ya bluu iliyoiva inakunjwa katikati, na mgongoni unatokea mstari mweupe wenye vinyweleo. Kadi za michango siku hizi zinatumwa WhatsApp, na hilo halitarudi nyuma. Anayekuja kwako kutaka kadi ya mkono analipia anachokishika, na cha kwanza kukishika ni huo mgongo.

Karatasi ni nyuzi ndogo ndogo za mti. Kiwandani, rojo lake linapopita kwenye mashine, nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Ukikunja sambamba nazo, zinafunguka kwa amani. Ukikunja kwa kuzikatiza, unazivunja, na hasa zikiwa kavu. Karatasi nyingi za rangi zina rangi juu tu na moyo mweupe ndani, kwa hiyo zikivunjika siri inatoka nje.

Kujua nyuzi zimelala wapi hakuhitaji kifaa. Ipinde karatasi taratibu bila kuikandamiza, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopindika bila kukusukuma mkono, mstari wa mpindo wake ndio mwelekeo wa nyuzi. Ukisita, chana: sambamba na nyuzi mchano unanyooka, kwa kukatiza unakwenda ovyo. Njia ya uhakika zaidi ni kukata kipande cha vidole viwili na kukilowanisha upande mmoja. Kitajiviringa kuwa kibomba, na urefu wa kibomba hicho unalala sambamba na nyuzi.

Sasa mtego wenyewe. Karatasi nyingi za A4 zinazouzwa kwa rimu zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, yaani sambamba na ule upande wa milimita 297. Ukiikunja katikati ili upate kadi ya A5, mkunjo unakatiza nyuzi zote. Kwa karatasi ya gramu 80 (yaani uzito wa mita moja ya mraba) hutaona kitu; kwa ya gramu 250 utaona. Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua manila kubwa au A3 na kuikata mwenyewe kwa upande unaoutaka. Ya pili ni kuikunja A4 kwa urefu na kuipunguza iwe kadi nyembamba ya milimita 99 kwa 210, ambayo inaingia vizuri kwenye bahasha ya DL ya milimita 110 kwa 220. Mimi naipenda hii ya pili kuliko kadi ya A5, ambayo kila mtu anayo.

Kuna wakati huna uchaguzi, kwa sababu mteja kaleta karatasi yake au maua yaliyochapwa yanatazama upande huo tu. Hapo piga alama ya mkunjo kabla ya kukunja. Tandika gazeti lililokunjwa, weka karatasi juu, weka rula ya chuma, kisha pitisha kalamu iliyokwisha wino mara mbili kwa nguvu ya wastani. Utapata kijito upande mmoja na tuta upande wa pili. Wengi hukunja kuelekea kijito kwa sababu mkono unavutwa huko. Kunja kinyume chake, tuta libaki ndani ya kadi na kijito kiwe nje mgongoni. Nyuzi za nje hazivutwi sana hivyo, na mgongo unabaki mzima.

Kama kinachopasuka ni picha iliyochapwa kwa printa ya leza, usihangaike na nyuzi. Tona ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, na ukikunjwa unabanduka. Mwambie aliyekuandalia mchoro aache mstari wa mkunjo bila rangi, au uufunike kwa riboni.

Kiangazi kikikolea, karatasi nzito hupasuka hata ukifuata nyuzi. Usiku wa kabla ya kazi ziweke ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni pamoja na kitambaa chenye maji kidogo kwenye kibakuli, kisiziguse, kisha funga mdomo. Asubuhi zitakuwa zimelainika. Zitoe chache chache kadiri unavyokunja.

Kadi inapinda au inaota mawimbi

Kabla ya kufanya lolote, tazama imepinda kuelekea wapi na lini.

Imepinda baada ya kubandika karatasi ya mapambo juu ya manila, na inakumbatia upande wa mapambo? Karatasi ya juu ililowa kwa gundi ikatanuka, ukaibandika ikiwa imetanuka, kisha ikakauka na kusinyaa ikaivuta manila. Karatasi hutanuka zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata, kwa hiyo ukilaza nyuzi za tabaka moja kwa urefu na za lingine kwa upana, umezipiganisha mwenyewe. Zielekeze upande mmoja. Kwa kadi kubwa au kasha gumu, bandika karatasi upande wa pili pia ili kuwe na mvutano pande zote mbili. Kisha kandamiza chini ya vitabu vizito, au tofali lililovikwa karatasi safi, hadi kesho yake. Hewa ya hapa inakausha kingo upesi ukadhani kazi imekwisha, kumbe katikati bado kuna maji. Ukiitoa saa moja baadaye itapinda mbele ya macho yako.

Kama hujabandika chochote na karatasi iko kwenye rundo, soma kingo. Kingo zikiwa na mawimbi huku katikati kumetulia, zimevuta unyevu wa hewa. Hilo ni la masika. Kingo zikiwa zimekaza na katikati kumejaa tumbo, zimepoteza unyevu, na hilo ni la kiangazi. Mara nyingi linatokea kwa mzigo ulioletwa kutoka Dar. Karatasi imekaa ghala la pwani, imepanda basi au treni, imefika Dodoma ikiwa na unyevu wa huko, na wewe umefungua na kukata siku hiyo hiyo. Unakata vipande vya sentimita 10, kesho asubuhi vimesinyaa kidogo na havilingani na vile ulivyokata kwenye karatasi ya zamani. Tandaza mzigo mpya kwenye marundo madogo ndani ya chumba unachofanyia kazi, uache siku nzima, ndipo ukate.

Mawimbi madogo madogo chini ya karatasi nyembamba yanatokana na gundi nyingi tu. Tumia gundi ya kijiti au tepu ya pande mbili. Karatasi laini ya kufungia maua, na ile ya krepi, usiipake gundi ya maji kabisa. Ya kwanza gundi inatokeza upande wa pili, ya pili inatoa rangi na kuchafua kila kitu kilicho karibu nayo.

"Dada, mbona limefumbuka?"

Usijibu kabla ya kuliona boksi. Fungua pale palipoachia na utazame pande zote mbili, kwa sababu gundi huacha ushahidi.

Ukiona vinyweleo vya karatasi vimeng'oka na kuganda kwenye gundi, gundi ilifanya kazi yake. Kilichoshindwa ni karatasi, na sababu ni mzigo au mvutano: sikio la kubandikia ni jembamba mno, au mkunjo haukupigwa alama na sasa unajaribu kunyooka. Panua sikio lifike sentimita 1.5 hadi 2 na upige alama ya mkunjo.

Ukiona gundi imeganda ikiwa laini na yenye kung'aa upande mmoja, na upande wa pili ni msafi kana kwamba haukuguswa, kuna sababu mbili. Ama gundi iliota ngozi kabla hujakandamiza, ama karatasi ya pili ina ulaini wa plastiki. Kwa ile ya kwanza, paka eneo dogo, bandika mara moja, zima feni, na ukandamize kwa kidole hadi uhesabu thelathini. Gundi nyeupe iliyokuwa nzito kwenye chupa unaweza kuilegeza kwa matone ya maji, lakini kwa kiasi, la sivyo utarudi kwenye mawimbi.

Karatasi yenye plastiki juu haitibiki kwa subira. Gundi nyeupe hukauka kwa maji yake kuondoka: yanaingia kwenye karatasi au yanapotelea hewani. Ukibandika plastiki juu ya plastiki, maji hayana pa kwenda. Unaweza kuliacha dirisha la nailoni la boksi la keki tangu Jumatatu, na Alhamisi bado gundi ni nyeupe kule kati. Tumia tepu ya pande mbili. Kama ni karatasi ya zawadi inayong'aa, kwaruza sehemu ya sikio kwa msasa laini hadi mng'aro uishe, kisha gundi itashika.

Karatasi ya glita ina hila yake: gundi inashika glita, glita inaachana na karatasi. Komba glita yote kwenye sikio kwa kisu kabla ya kupaka.

Ukiona vumbi, ni vumbi. Pepo za mwezi wa saba hadi wa tisa zinaingiza vumbi hata dirisha likiwa limefungwa, na meza uliyoifuta asubuhi saa sita ina tabaka jingine. Futa karatasi kwa brashi kavu kila unapoipaka. Kitambaa chenye maji hapana.

Na kama ulitumia gundi ya moto, ile ya bunduki, muulize mteja alibeba vipi. Boksi lililoachwa mbele ya kioo cha gari lililopaki juani Mtumba tangu asubuhi litafika kwenye sherehe maua yakiwa yameteremka. Gundi hii inalainika kwa joto, ndiyo asili yake. Itumie kwa riboni na maua yasiyobeba uzito. Kwenye viungo vya boksi usiitumie.

Mfuniko haukubali, au unacheza

Hesabu tu. Boksi la mraba lenye kitako cha sentimita 10 na kuta za sentimita 4 linatoka kwenye karatasi ya sentimita 18 kwa 18. Mfuniko wenye kuta za sentimita 2 watu hukata 14 kwa 14, halafu wanaulazimisha hadi pembe zinachanika. Ongeza milimita 3 kwenye kitako cha mfuniko, ukate 14.3 kwa 14.3. Hiyo ni kwa manila ya kawaida. Kwa kadibodi nene iliyovikwa karatasi usitumie hesabu ya mezani: maliza boksi, lipime kwa nje likiwa limekauka, ongeza milimita 3, hapo ndipo ukate mfuniko.

Mfuko wa chupa unatoboka chini

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, watu wameacha kuutazama mfuko wa karatasi kama pambo. Wanatarajia ubebe. Na katika mji wa zabibu, zawadi inayobebwa sana ni mvinyo. Chupa ya mililita 750 ikiwa imejaa ina uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.5, uzito wote ukiwa umesimama kwenye duara dogo la kitako. Mfuko uliokuwa salama kwa kanga mbili na kadi hautaimudu.

Angalia umeharibika wapi. Matundu ya mishikio yamechanika kwenda juu? Mdomo wa mfuko ni tabaka moja. Kunja mdomo kuelekea ndani sentimita 4, ingiza ukanda wa kadibodi ndani ya mkunjo huo pande zote mbili, na matundu yapite kwenye tabaka zote tatu. Fundo la kamba likae ndani, na liwe kubwa kuliko tundu. Usitoboe kwa ncha ya mkasi, kwa sababu tundu lenye mchano tayari limeanza kuchanika. Tumia kitobozi.

Kitako kimefunguka? Masikio ya chini ni mafupi. Kwa mfuko wa chupa wa kitako cha sentimita 9 kwa 9, kata karatasi ya sentimita 38 kwa 46: mzunguko ni 36 na 2 za kuunganishia, urefu ni 35 za mfuko, 4 za mdomo na 7 za kitako. Kwa saba hizo masikio mawili yanayotazamana yatalaliana sentimita 5, na hapo gundi ina pa kushika. Ndani weka kipande cha kadibodi cha sentimita 8.8 kwa 8.8. Kipande hicho ndicho kinachosambaza uzito, na ndicho wengi wanachokisahau kwa sababu hakionekani.

Kama mfuko umelowa, chupa ilitoka kwenye friji. Hakuna gundi inayotibu hilo. Mwambie mteja aifute na kuiacha nje ya mfuko hadi iache kutoa jasho.

Kwa mfuko wa namna hii karatasi ya kaki ni bora kuliko karatasi ya maua inayong'aa, na nitabishana na yeyote juu ya hilo. Ukitaka maua, bandika ukanda wake katikati ya kaki.

Madogo yanayokula muda

Kadi haiingii kwenye bahasha. Kadi ya A6, milimita 105 kwa 148, inataka bahasha ya C6 ya 114 kwa 162. Ya A5 inataka C5, 162 kwa 229. Vipimo hivyo vinadhania kadi ni bapa. Ukiongeza ua la karatasi lenye tabaka tatu, tengeneza bahasha ya boksi yenye kuta za milimita 8 hadi 10, au hamishia ua kwenye bahasha yenyewe.

Umbo linalosimama kadi ikifunguliwa linachungulia nje kadi ikifungwa. Pima umbali wa umbo kutoka kwenye mkunjo, ujumlishe na kimo chake. Jumla ikizidi upana wa ukurasa mmoja, litachungulia tu. Likisimama upande, miguu yake haikubandikwa kwa umbali sawa kutoka kwenye mkunjo.

Karatasi ya kufungia zawadi haitoshi, au imebaki nyingi hadi pembe zimevimba. Kwa boksi la sentimita 20 kwa 15, kimo 6: jumlisha 15 na 6, zidisha kwa mbili, ongeza 3 za kulaliana, unapata 45. Upande mwingine ni 20 pamoja na robo tatu ya kimo kila mwisho, yaani 4.5 mara mbili, unapata 29. Kata 45 kwa 29.

Kingo zina vinyweleo. Vunja ncha iliyochakaa ya kisu cha kukatia karatasi ili itokee mpya, hata kama unaona bado kinakata. Na usikatie juu ya kigae wala kioo, vinaua ncha haraka. Tandika kadibodi ya boksi. Kwa manila nzito pitisha kisu mara tatu kwa wepesi.

Maandishi ya kalamu ya dhahabu yanafutika kwa kidole. Karatasi ni laini mno na haifyonzi. Andika kwenye kipande cha karatasi ya kawaida, ukiache kikauke, kisha ukibandike.

Glita na mabaki yanarukia karatasi na hayatoki. Ni umeme tuli wa hewa kavu. Futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke, na ukung'ute poda kidogo kwenye brashi unayofutia.

Rundo limeliwa kutoka chini. Mchwa. Karatasi haikai sakafuni katika mkoa huu, hata kama sakafu ni ya saruji. Iweke kwenye shelfu lisilogusa ukuta. Na gundi ya unga wa ngano au muhogo uliyopika mwenyewe ni nzuri na ya bei nafuu, ila mende wanaipenda na ikilala siku chache inaota ukungu. Pika ya kutumia leo.

Kadi ya kwanza nzuri, ya hamsini imekwenda upande. Kwenye oda ya kadi 200 usipime kila moja kwa rula. Kata kielelezo kimoja cha kadibodi ngumu chenye ukubwa wa kadi, alama za mkunjo na nafasi ya ua, na kila kadi ipimwe kwa hicho hicho. Ukikata kadi ya hamsini kwa kuifuatisha ya arobaini na tisa, makosa madogo yanajumlishana. Kielelezo kikichakaa pembe, tengeneza kipya kutokana na vipimo ulivyoandika kwenye daftari, usikinakili cha zamani. Na kabla ya kukata ya pili, kadi ya kwanza iliyokamilika, ua na riboni vikiwa mahali pake, ilale usiku mmoja mezani bila kukandamizwa. Asubuhi ikiwa bado bapa na hakuna kilichobanduka, kata zilizobaki.